Cruze 2011: kodi ya hitilafu C0277 06, taa za breki haziwaki, gia haitoki P. Ni sensa au ni nyaya?

mkisauni (Mombasa)

Asalaam aleykum mafundi. Gari ni Chevrolet Cruze ya 2011, petroli 1.8, otomatiki. Tatizo lilianza kwa vipindi: leo taa za breki zinawaka, kesho hazipo. Sasa haziwaki kabisa, gia haitoki P mpaka nitumie ile njia ya dharura ya pembeni ya gia, kruzi (ule mfumo wa gari kushika mwendo wenyewe) imekufa, na taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza imeganda kwenye dashibodi. Breki zenyewe zinashika vizuri na mafuta ya breki yako juu.

Skana imetoa C0277 06 kutoka kwenye BCM (kompyuta ya bodi ya gari), na maelezo yake ni kwamba saketi ya sensa ya mkao wa pedali ya breki ina volti ndogo au imekatika. Balbu zimebadilishwa, fyuzi ni nzima. Fundi amechomoa soketi ya sensa pale juu ya pedali, akagusa kila pini kwa taa ya kupimia, haikuwaka hata moja. Anasema moto haufiki, kwa hiyo anataka kuvuta waya mpya kutoka boksi la fyuzi mpaka kwenye sensa. Mwingine anasema ninunue sensa tu nifunge. Kabla sijamruhusu mtu kukata kitu: hii sensa inatakiwa kupata volti ngapi, na nitajuaje kama ni yenyewe au ni nyaya?

FundiUmeme_Ilala (Dar es Salaam)

Mzuie huyo fundi leo hii. Sensa hiyo haipewi volti 12, inapewa volti 5 zinazotoka ndani ya BCM. Akiingiza moto wa betri kwenye waya ule, ataunguza sensa, na ukirudi nyuma utaingia BCM. Hapo hutazungumzia tena sensa. Utazungumzia kompyuta ya bodi ambayo lazima iandikwe upya kwa ajili ya gari lako.

Taa yake ya kupimia kutowaka hakumaanishi chochote. Ile taa ina balbu ya volti 12 inayokula mkondo mwingi, na zile volti 5 za BCM zimewekewa kikomo cha mkondo. Ukiipachika pale, volti zinaporomoka na balbu haiwaki hata kama saketi ni nzima. Hapa tunatumia malitimita ya dijitali, basi.

Kosa hili linatoka kwenye mazoea ya Toyota. Kwenye Corolla ya kawaida pale juu ya pedali kuna swichi: volti 12 inaingia, ukikanyaga inatoka, taa zinawaka. Cruze haina utaratibu huo. Ina sensa yenye nyaya tatu: wa volti 5, wa ishara, na wa ethi ambao nao unarudi BCM, haufungwi kwenye bodi ya gari. Ukikanyaga, volti za waya wa ishara zinapanda taratibu. BCM inalinganisha na mkao wa pedali iliyoachwa ambao imeuhifadhi, ikiona zimevuka kiwango inawasha taa za breki yenyewe, na inazitangazia kompyuta nyingine kwenye mtandao wa gari kwamba dereva amekanyaga. Ndiyo maana sensa moja inakuulia taa, gia, kruzi na mfumo wa kuteleza kwa pamoja. Ukiona dalili hizo nne zimekuja kwa mkupuo, balbu na fyuzi unaziacha.

Sasa vipimo. Skana lazima iwe inaingia BCM na kuonyesha data hai ya volti za sensa ya pedali. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu vingi vinasoma injini tu, na Tech 2, skana ya zamani ya GM (General Motors, watengenezaji wa Chevrolet), haitakufaa kwa Cruze hii. Ni gari la kizazi cha GDS2, programu ya GM iliyokuja baada ya Tech 2. Skana kubwa za Launch na Autel zinafika.

Anza na soketi ikiwa imechomekwa. Washa swichi bila kuwasha injini, soma volti kwenye skana pedali ikiwa imeachwa. Kawaida utaona kama volti 1 hivi, na inapanda bila kuruka kadri unavyobonyeza. Chini ya 0.25 BCM inaandika 06, juu ya 4.75 inaandika 07. Nipe namba yako ya pedali iliyoachwa na ya pedali iliyobonyezwa mpaka mwisho.

Halafu zima swichi, chomoa soketi ya sensa, funga milango na subiri dakika mbili kompyuta zilale. Weka mita kwenye omu, pima kati ya pini ya ethi ya soketi ya upande wa nyaya na chuma safi cha bodi: iwe chini ya omu 5. Ukipima kabla gari halijalala utapata namba za uongo.

Washa swichi tena. Pima pini ya volti 5 dhidi ya bodi: 4.8 mpaka 5.2. Ikiwa chini ya hapo, waya umekatika, umegusa bodi, au BCM haitoi.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachoamua. Soketi bado iko nje, skana inasoma. Kwanza ione chini ya 0.25, maana ndani ya BCM waya wa ishara unavutwa kwenda sifuri ukiachwa wazi. Kisha chukua kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 3, unganisha pini ya volti 5 na pini ya ishara kwenye soketi hiyo hiyo ya upande wa nyaya. Skana iruke juu ya 4.75. Ikiruka, nyaya zote na BCM ni wazima, sensa ndiyo mbovu, nunua. Isiporuka, hata ukifunga sensa kumi hakuna kitu.

Tafadhali tazama mchoro wa pini wa gari lako kabla ya kuunganisha hicho kipande. Usikisie kwa rangi za nyaya ulizoona kwenye gari la mtu mwingine.

kijana_wa_gereji

Mnamzungusha bure. C0277 ni sensa, inajulikana. Atafute iliyotumika kwa wanaochinja magari, afunge, afute kodi, aondoke.

Spana14 (Muscat)

Kijana, C0277 ni jina la saketi, siyo jina la kipuri. Zile tarakimu mbili za nyuma ndizo zinazosema kilichoonekana, na watu wengi hawaziandiki. 06 maana yake BCM inaona karibu na sifuri. Mambo matatu tofauti yanaleta sifuri hiyo hiyo: volti 5 hazifiki kwenye sensa, waya wa ishara umekatika au umegusa bodi, au sensa yenyewe imekufa ndani. Sensa ni moja kati ya matatu.

Tena ukiwa na 06 kuna kitu unaweza kukiweka pembeni tangu mwanzo. Sensa za namna hii zenye ukanda wa ukinzani, waya wa ethi ukikatika, ukanda unabaki umeshikiliwa na volti 5 peke yake na ishara inapanda badala ya kushuka. Hapo ungepata 07. Bado pima ethi kama mkuu wa Ilala alivyosema, ni dakika moja, lakini usianze kupasua kapeti kutafuta ethi wakati kodi inasema volti ndogo.

Na betri dhaifu watu wanaisingizia sana kwenye hili. BCM haifanyi ukaguzi wa kodi hii nje ya volti 9 mpaka 16 za mfumo. Betri ikiwa imelala utapata kodi nyingine za volti na za mawasiliano kati ya kompyuta, siyo C0277 06 peke yake.

Mkisauni, nyongeza mbili. Moja: kabla ya kuchomoa soketi, pima volti kwenye waya wa ishara pale pale kwenye sensa kwa kuingiza sindano nyembamba nyuma ya soketi, kando ya waya, bila kutoboa ngozi yake. Linganisha na namba ya skana kwa wakati huo huo. Mita inakwambia sensa inasema nini, skana inakwambia BCM inasikia nini. Mbili: gari lina alamu au kifaa cha kufuatilia kilichofungwa baadaye? Wafungaji wanapenda sana waya wa breki, na Cruze haina waya wa volti 12 pale kwenye pedali, kwa hiyo wanaishia kwenye waya wa ishara wa sensa wakidhani ni ule ule.

mkisauni

Ahsanteni sana. Tumepima kwa mpangilio mlioutoa:

Skana, pedali imeachwa: 0.18. Pedali mpaka mwisho: 0.51.
Mita nyuma ya soketi ya sensa, waya wa ishara, pedali imeachwa: 1.02. Mpaka mwisho: 2.90.
Ethi, soketi imechomolewa, gari limelala: omu 1.2.
Waya wa volti 5: 5.02.
Soketi nje, bila kipande cha waya: skana 0.00.
Na kipande cha waya chenye fyuzi: skana 0.90, na inachezacheza kati ya 0.6 na 1.4 nikigusa nyaya za chini ya usukani.

Kifaa cha kufuatilia kipo, kilifungwa kwa masharti ya bima. Kwa hiyo sensa ni nzima? Na ni hicho kifaa kinachovuta volti?

FundiUmeme_Ilala

Vipimo safi kabisa. Tuvisome.

Sensa ni nzima. 1.02 ikiachwa na 2.90 ikibonyezwa ndiyo kazi yake, nayo inaifanya. Ila BCM inapokea 0.18 na 0.51. Gawanya: 0.18 kwa 1.02 ni kama asilimia 18. 0.51 kwa 2.90, asilimia 18. 0.90 kwa 5.02, asilimia 18 tena. Mara tatu uwiano ule ule, kwa hiyo kuna ukinzani mmoja mkubwa umekaa katikati ya waya wa ishara, baina ya soketi ya sensa na ubongo wa BCM. Ule mvuto wa ndani wa BCM kwenda sifuri unagawana volti na ukinzani huo, na sehemu kubwa inapotelea njiani. Hatuzungumzii omu mbili tatu hapa, ni maelfu. Waya haujakatika kabisa, umebaki na uzi au kutu inayopitisha kidogo.

Hiyo inaeleza pia kwa nini taa haziwaki hata ukibonyeza mpaka mwisho. BCM ina kumbukumbu kwamba pedali iliyoachwa ni kama volti 1. Wewe ukikanyaga inaona 0.51, ambayo bado iko chini ya pedali iliyoachwa. Kwake yeye hujagusa breki.

Kuhusu kifaa kuvuta volti: hapana, na mita yako imeshajibu. Kama kifaa kingekuwa kinanyonya ishara kupitia waya wake, hata pale kwenye sensa ungekuta volti zimeshuka. Umepata 1.02 nzuri. Kwa hiyo kosa la kifaa, kama ni lake, liko kwenye namna waya wake ulivyopachikwa: kile kibanio cha plastiki chenye kisu kinachouma waya bila kuumenya. Kisu kinakata nyuzi nusu, hewa ya chumvi inaingia, na kutu ya kijani inamaliza kazi. Waya wa taa ya volti 12 unaweza kuvumilia kiungo kibovu kwa muda. Waya wa ishara wenye volti 1 na mkondo mdogo mno hauvumilii, kwa sababu mkondo huo hauna nguvu ya kuvuka utando wa kutu.

Tafuta pale namba ziliporuka ulipogusa. Toa kifuniko cha chini ya usukani, acha skana kwenye data hai na kile kipande cha waya kikiwa mahali pake, mtu mmoja aangalie skana, mwingine atembeze vidole kwenye fungu la nyaya sehemu ndogo ndogo kuelekea BCM. Soketi za manjano zilizo humo ni za mto wa hewa wa usukani, hizo usizishike kabisa na usizipime.

nyerere_ave_diesel (Columbus, Ohio)

Naongeza jambo la huku Marekani kwa sababu linahusiana moja kwa moja. Mwezi wa tano 2014 GM ilitangaza kurudisha magari zaidi ya milioni 2 kwa tatizo la saketi hii hii: Chevrolet Malibu 2004 mpaka 2012, Malibu Maxx 2004 mpaka 2007, Pontiac G6 2005 mpaka 2010 na Saturn Aura 2007 mpaka 2010. Dalili ni zile zile: taa za breki haziwaki ukikanyaga, au zinawaka hujakanyaga, kruzi na mfumo wa kuteleza vinaharibika. Chanzo kilikuwa kwenye soketi ya BCM, wala sensa haikuwa na kosa. Pini zinasuguana kwa mtikisiko mdogo sana wa gari, rangi ya bati inalika, utando wa kutu unajengeka na ukinzani unapanda. Dawa yao ilikuwa kukaza fungu la nyaya lisicheze, kupaka grisi maalumu ya soketi za umeme kwenye pini za BCM na za sensa, kisha kuifundisha BCM upya mkao wa pedali.

Cruze haimo kwenye orodha hiyo, usiende kudai matengenezo ya bure. Ila somo ni lile lile: kama chini ya usukani hukuti kibanio chochote, hatua inayofuata ni kuchomoa soketi ya BCM yenyewe na kutazama pini ya ishara kwa tochi na kioo cha kukuzia. Doa jeusi au la kahawia kwenye ncha ya pini linatosha kuleta hayo. Toa kichwa hasi cha betri kwanza. Usisugue pini kwa msasa wala kisu. Utaondoa ule upako wa bati na kutu itarudi mapema. Pulizia dawa ya kusafishia kontakti, chomeka na kuchomoa mara kadhaa pini zijisugue zenyewe, acha ikauke, ndipo upake grisi kiasi cha utando mwembamba.

mkisauni

Tumeipata. Kibanio cha bluu, karibu na mahali fungu linapopinda kupanda juu. Ukikifungua, waya wa ishara umebaki nyuzi mbili, zilizobaki ni unga wa kijani kibichi. Soketi ya BCM tumeitazama, pini zinang'aa. Fundi anasema tuzungushe waya kwa mkono na tufunge utepe mweusi, inatosha?

Spana14

Haitoshi. Ule utepe gundi yake inayeyuka kwa joto la chini ya dashibodi, na waya uliozungushwa kwa mkono utakurudisha hapa hapa.

Kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye shaba ang'avu pande zote mbili. Kutu hutambaa ndani ya ngozi ya waya, kwa hiyo endelea kumenya na kukata mpaka weusi uishe, hata kama ni sentimita tano. Ukikosa urefu, unga kipande cha waya wa gari wa milimita za mraba 0.5, siyo waya wa spika wala wa umeme wa nyumba. Vusha kwanza mpira wa kusinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani, ndipo ulehemu kwa risasi isiyo na asidi. Mafuta ya kulehemu ya mafundi wa bati yana asidi, yatakula kiungo chako. Risasi ikipoa, sogeza mpira ufunike kiungo na upashe joto mpaka gundi itokeze pembeni. Kisha funga fungu kwa kamba ya plastiki kwenye chuma ili kiungo kisining'inie. Risasi haipendi kutikiswa.

Kabla ya kufunika chochote, rudia kipimo cha kipande cha waya. Skana ikae juu ya 4.75 na isicheze hata ukitingisha fungu zima. Kupima omu ncha kwa ncha peke yake usikuamini sana, maana waya wenye uzi mmoja unaweza kukuonyesha omu nzuri ukiwa umetulia.

Waya wa breki wa kile kifaa usiurudishe kwenye ishara ya sensa. Vifaa vingi vya kufuatilia vinafanya kazi kwa moto wa betri, ethi na waya wa swichi tu. Kama bima inalazimisha kionyeshe breki, muulize mfungaji njia ya kusoma hali ya breki bila kugusa sensa.

FundiUmeme_Ilala

Na usisahau kuifundisha BCM mkao wa pedali. Sensa hukuibadilisha na ule mkao wa zamani unaweza kuwa bado uko sahihi, lakini kama kuna mtu alijaribu kufundisha wakati ishara iko 0.18, amehifadhi takataka. Ikiwa hivyo utapata kodi ile ile yenye mwisho wa 4B, au taa za breki zitakaa zinawaka moja kwa moja.

Gari liwe mahali tambarare, gia kwenye P, breki ya mkono juu. Washa swichi bila injini. Kama gari lako ni la kitufe, bonyeza na ushikilie zaidi ya sekunde 5 bila kukanyaga breki. Ukikanyaga utawasha injini. Futa kodi kwanza. Kwenye skana ingia BCM, sehemu ya kurekebisha na kuweka upya, chagua kufundisha sensa ya pedali ya breki. Kuanzia hapo hakuna mguu kwenye pedali, hakuna kapeti iliyopanda juu yake, hakuna mtu anayeegemea. Mkao utakaokuwepo ndio BCM itauhesabu kuwa pedali imeachwa. Mtu akiwa ameweka mguu kidogo tu, baadaye taa zitachelewa kuwaka mpaka ukanyage kwa kina, na hilo ni hatari kuliko taa isiyowaka kabisa kwa sababu hutaligundua ukiwa umesimama nyuma ya gari unalijaribu.

Ikikubali, zima swichi, subiri kompyuta zilale, washa. Hakikisha taa zinawaka pedali ikishuka kidogo tu, zinazimika papo hapo ukiachia, na gia inatoka P bila ile njia ya dharura. Taa ya kuteleza inaweza kubaki mpaka ufute kodi kwenye kompyuta ya ABS (ya kuzuia magurudumu yasijifunge) pia, kwa sababu nayo ilikuwa imeandika ya kwake. Kabla hujamaliza yote hayo, usiendeshe barabara ya Mombasa–Nairobi usiku. Breki zako zinashika, ila lori la nyuma halijui kwamba umekanyaga.

mkisauni

Imekubali. Skana sasa 1.01 ikiachwa, 2.89 ikibonyezwa, kipande cha waya kilitoa 4.98 bila kucheza. Gia inatoka. Taa ya kuteleza ilizimika baada ya kufuta ABS.

mama_aqua (Nairobi)

Samahani kuingilia. Mimi nina Toyota Aqua, imetoa C1247 na fundi anasema ni sensa ya pedali pia. Naweza kufuata vipimo hivi hivi?

FundiUmeme_Ilala

Dada, wazo la kulinganisha volti ni lile lile, ila vipimo usivihamishe. Kwenye haibridi za Toyota sensa ya mwendo wa pedali ina ishara mbili zinazokwenda kinyume. Kwenye Prius, pedali ikiachwa, moja iko kama volti 1 na nyingine kama volti 4. Ukikanyaga ya kwanza inapanda, ya pili inashuka, na ukizijumlisha zinakaa karibu na 5 muda wote. Jumla ikitoka nje ya hapo, ishara mojawapo inapotea njiani, na unaifuata ile iliyohama. Hicho ndicho cha kusoma kwenye data hai kabla ya kununua chochote. Anayekupimia aelewe pia kwamba ukibadilisha sensa kuna kuisawazisha sifuri kwa skana, bila hivyo taa hazizimiki.

Kile kipande cha waya chenye fyuzi usikitumie kwako. Kwa mkisauni sensa inatumika kuwasha taa na kutoa taarifa tu. Kwenye Aqua kompyuta ya breki inatumia sensa hiyo kuamua nguvu ya breki yenyewe, na pampu yake inaweza kuanza kusukuma mafuta hata gari likiwa limesimama, mkono wa mtu ukiwa kwenye kaliper.